Mianzo 17, Hadithi Hata Moja Hakuna

Nina daftari la jalada jeusi ambalo simwonyeshi mtu. Ndani yake mna mianzo 17 ya hadithi. Mwaka ule niliokuwa nikilijaza nilijiita mwandishi bila haya, na ungeniuliza naandika nini ningekukalisha saa nzima nikikusimulia ukoo wa mhusika wangu, kovu la goti lake, hata jina la mbwa aliyemuuma utotoni. Nilichokuwa sina ni ukurasa wa mwisho. Wa hadithi yoyote ile.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, simpi siri ya sentensi ya kwanza. Namwambia aandike kitu kifupi, kurasa tatu tu, akimalize. Kikiwa kibaya na kiwe kibaya, lakini kiishe.

Mwanzo ni mtamu kwa sababu bado hujafunga mlango wowote. Shida inaanza ukurasa wa tano, mhusika amekaa kwenye kiti, hana la kufanya, na wewe huna la kumfanyisha. Hapo ndipo wazo jipya hupita mbele yako limejipamba kama bibi harusi. Mimi nililifuata mara 17. Siku hizi likipita naliandikia sentensi mbili nyuma ya daftari, kisha narudi kwa yule wa kwenye kiti. Mara nyingi nikilisoma baada ya mwezi nagundua halikuwa wazo, ulikuwa uvivu tu umevaa nguo nzuri.

Jambo jingine lililonichelewesha ni kusubiri mzuka unipande. Ukinipanda, naandika mpaka usiku wa manane. Usiponipanda, wiki tatu zinapita. Kilichonizindua ni habari za Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19. Alikuwa mtumishi wa posta, na miaka mingi aliandika kabla ya kwenda kazini. Saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, saa yake ya mfukoni mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Ila ninachokipenda zaidi katika habari zake ni kwamba alimlipa mtumishi wake nyongeza kwa kazi ya kumwamsha. Yaani hata yeye hakujiamini!

Nilijaribu kumwiga kwa saa na hesabu, nikaishia kuhesabu maneno badala ya kuyaandika. Nikashuka hadi maneno 300 kwa siku, na siku nyingine hata hayo siyafikishi. Lakini piga hesabu: maneno 300 kwa siku 200 ni maneno 60,000, riwaya ya ukubwa wa kawaida, na bado zimebaki siku 165 za kuumwa, kusafiri na kununa.

Trollope huyo huyo alianza kila siku kwa kusoma alichoandika jana yake, akipima kwa sikio mlio wa maneno. Hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Mojawapo ya mianzo yangu, wa tisa, ulihusu mwanamke anayepigiwa simu kuambiwa mumewe amefariki. Nilipofika kwenye simu yenyewe niliandika hivi: "Ilikuwa ni siku ya huzuni isiyo na kifani ambapo mama aliweza kupokea taarifa za kifo cha mumewe na moyo wake ukajawa na majonzi makubwa." Niliiona sentensi ya maana sana. Nikamsomea mdogo wangu kwa sauti. Akanitazama, akauliza: "Kwa hiyo mama alifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwaga huzuni, majonzi na moyo uliojawa, lakini mama mwenyewe sikuwa nimemwona. Nikarudi mezani, nikajiuliza simu ilimkuta akifanya nini. Alikuwa anapiga pasi. Baada ya siku mbili za kufuta na kuandika nikapata hii: "Simu ilipokatika, mama alimalizia kola ya shati la baba, akalitundika nyuma ya mlango, akachukua la pili."

Neno huzuni halimo. Mdogo wangu safari hii hakuuliza kitu. Alinyamaza, na ukimya ule ulinitosha.

Tazama pia lile "aliweza kupokea". Kwani nani alikuwa amemzuia? Hili ni gugu la Kiswahili chetu cha kuandika: aliweza kufika, waliweza kukutana, niliweza kuona. Ukilisoma kimoyomoyo hulioni, ukilisoma kwa sauti linakukwaza. Alifika. Walikutana. Niliona. Ndugu zake ni "suala zima la", "katika hali ya", na zile "ambaye" tatu zinazofuatana kwenye sentensi moja kama magari kwenye foleni. Siku ya kwanza niliyoamua kuyang'oa magugu hayo, hadithi ya kurasa kumi ilipungua ukurasa mzima, na hakuna tukio hata moja lililopotea.

Kusoma vitabu vya wengine sina haja ya kukuhubiria. Nitaongeza tu kwamba kuna wakati nilinakili kwa mkono kurasa mbili za mwandishi ninayemhusudu, kwa mazoezi tu, kisha nikazichana. Mkono uliona kitu ambacho macho yalikuwa yanakiruka miaka yote: mazungumzo yake ni mafupi mno, na watu wake karibu hawajibu wanachoulizwa.

Umwonyeshe nani kazi yako? Anayekupenda atasema nzuri. Mwandishi mwenzako aliyekwama atakuta kasoro hata kwenye nukta. Nimeona heri mtu anayesoma kwa raha yake tu, na swali nimelibadilisha. Zamani niliuliza "umeionaje?", nikawa naambulia adabu. Sasa nauliza "ulichoka wapi?" Kila mtu ana jibu la swali hilo, na wawili wakikutajia ukurasa uleule, usibishane nao.

Wapo wanaoficha maandishi yao wasije wakaibiwa. Woga huu naujua, nilikuwa nao. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886 na kuzifunga nchi nyingi za dunia, hakimiliki haisubiri usajili. Unaipata kwa kuandika. Lakini kinacholindwa ni maneno yako ulivyoyapanga. Wazo la mwanamke anayepiga pasi ni la yeyote, na watu kumi wakilichukua wataandika hadithi kumi.

Kuhusu kutuma kazi, nilijifunza kwa aibu. Jarida moja lilitaka hadithi isiyozidi maneno 2,000. Yangu ilikuwa na 3,400, nikaituma hivyo hivyo nikiamini uzuri wake utawafumba macho. Sikupata hata "asante". Miaka kadhaa baadaye nilijitolea kusaidia kuchambua hadithi zilizotumwa kwa jarida jingine, na hapo kinyongo changu kikayeyuka. Mafungu ni makubwa, macho ni mawili, na aliyevunja sharti anakurahisishia kazi. Niligundua pia kwamba karibu nusu ya wahusika wa fungu lile walianza hadithi kwa kuamka kitandani. Tangu siku hiyo wangu nawakuta wameshaamka.

Na mchapishaji akikuambia kitabu chako ni cha ajabu ila uchangie gharama, kwanza uliza nani atakiuza na wapi. Mimi sikuuliza. Maboksi ya vitabu bado yapo chini ya kitanda changu.

Hadithi ya shati la baba niliimalizia kwenye kurasa saba. Ilikataliwa mara tatu. Mhariri wa nne aliikubali kwa sharti moja: kurasa mbili za mwanzo ziondoke. Ndizo kurasa nilizokuwa nimezipenda mwaka mzima, zenye ukoo wa mama, mvua na historia ya nyumba. Nilinuna siku moja, nikazikata. Hadithi ikachapishwa, ikianzia pale simu ilipokatika.