Kimbunga Kikifia Pwani, Mvua Yake Haifi

Ndugu zangu wa Kigoma, nimekua nikisikia kwamba vimbunga ni habari za Mafia na Mtwara. Reli kutoka Dar mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,200, nani ahangaike? Lakini Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, kikaua watu mpaka Chimanimani, Zimbabwe, nchi isiyo na bahari. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kikafanya vivyo hivyo Blantyre, Malawi. Kimbunga hupata nguvu kwa joto la bahari, kwa hiyo kikiingia bara upepo hulegea. Mvua inabaki, na ikikuta milima inamwagika yote.

Kwetu hata kimbunga hakihitajiki. Maji ya milimani yote yanateremkia Ziwa Tanganyika, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Likishapanda, halishuki upesi. Watu wa Kibirizi, kando ya ziwa, hawahitaji kuhadithiwa.

Ninalotaka hasa kuwaambia ni la siku ya pili. Mvua ilipotuzidi, tulihamia kwa shangazi mlimani, tukalala salama. Asubuhi jua likawaka, tukarudi, tukaanika magodoro, watoto wakalala ndani mchana. Mama akawaamsha wakale uji nje. Hawajamaliza vikombe, ukuta wa chumba chao ukaanguka juu ya kitanda.

Tofali bichi hunywa maji kuanzia chini, polepole, na mvua ikikatika bado limelowa. Kwa hiyo kagua nyumba kwa nje kwanza. Ukiona ukuta umetuna, au udongo unamomonyoka juu ya msingi, usiingie hata kuchukua sufuria. Ukijenga upya, inua msingi wa mawe.

Mengine mnayajua: chemsha maji ya kunywa, maana vyoo vya shimo vimefurika, vyeti viwe kwenye ndoo yenye mfuniko, usivuke maji yanayokwenda kasi, sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, hama kabla ya giza.

Baada ya mvua kubwa, watoto walale siku kadhaa kwa jirani mwenye nyumba ya tofali la kuchoma. Usione haya kuomba. Mimi niliona haya kurudi kwa shangazi usiku wa pili, nikakesha nikisikiliza kuta zilizobaki.