Maswali na Majibu: Sili na Pomboo wa Pwani ya Namibia

Picha za pomboo wa Namibia ninazoziona karibu zote zimepigwa Walvis Bay. Kwingine hawapo? (Msomaji, Tanga)

Wapo, ila boti nyingi za watalii ziko Walvis Bay. Nitalirudia hili hadi mnichoke: wingi wa picha unaonyesha walipo wenye kamera, si walipo wanyama. Mchukue pomboo wa Heaviside, ambaye duniani kote yupo katika maji baridi ya mkondo wa Benguela, magharibi mwa Afrika ya kusini, tu, toka Afrika Kusini hadi kusini mwa Angola. Asubuhi utamkuta karibu na ufukwe. Alasiri anaelekea bahari kuu kuwinda samaki wanaopanda toka kilindini usiku. Boti nazo hutoka asubuhi. Chora ramani kwa safari hizo uone utakavyopotoka.

Upepo mkali wa Lüderitz, kusini mwa pwani ya Namibia, ndio unaopandisha maji yenye rutuba. Basi chakula kimejaa hapo hapo?

Hapana. Upepo wa kusini husukuma maji ya juu kwenda magharibi, ya chini yanapanda kushika nafasi, lakini mimea midogo sana ya baharini, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula chote, inahitaji siku kadhaa kustawi, na maji hayasubiri. Karamu huiva mbele, kaskazini. Na kabla hujaandika kuwa sili, wanyama wa baharini wanaokula samaki, ndio waliomaliza dagaa wa Namibia: dagaa hao walikombwa na meli miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2018 serikali ikalazimika kusimamisha uvuvi wao.

Sili ni samaki gani?

Si samaki; ananyonyesha. Swali linalofuata.

Kwetu Mombasa kusi inavuma miezi mizima. Mbona hatuna sili?

Kusi hupandisha maji baridi huko Somalia, na ikija kaskazi duka linafungwa. Kwenu maji yanabaki ya uvuguvugu na chakula hakitoshi. Msisingizie ikweta: visiwa vya Galápagos, katika bahari ya Pasifiki, viko juu ya mstari wenyewe na sili wapo, kwa sababu maji baridi yanapanda. Nyangumi wenu wa Julai hadi Septemba wamekuja kuzaa, si kula.

Nikienda Cape Town, naweza kupiga picha na sili aliyelala ufukweni?

Kaa mbali. Mwaka 2024 sili wa huko walithibitishwa kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Picha utaposti baadaye.