Kazaa nje, kapunguza hela ya matunzo: anaruhusiwa?

SWALI: Habari za kazi wakili, mi ni mama wa watoto wawili nipo Morogoro. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa ya kanisani, baadaye mahakama ikatupa amri ya kutengana, talaka bado. Hakimu aliamuru atoe laki tatu kila mwezi, yangu na ya watoto, na alikuwa anatuma vizuri tu mpaka alipozaa na mwanamke anayeishi naye, ndo akaanza kutuma laki na nusu. Nikimuuliza ananiambia sasa ana kichanga, majukumu yameongezeka, nikiona haitoshi nikafanye kazi. Hivi kweli mtoto wa nje anapunguza haki yangu? (Mama Wawili)

JIBU: Pole dada. Kujipunguzia mwenyewe hana ruhusa. Amri ya mahakama haibadilishwi kwa meseji ya WhatsApp, mpaka hakimu aibadilishe anadaiwa laki tatu ileile kila mwezi, na hiyo laki na nusu asiyotuma inajilimbikiza kama deni, unaweza kurudi mahakama iliyotoa amri ukaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe alipe.

Sasa kuna upande ambao hutaupenda. Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu mahakama kubadili kiwango cha matunzo kama hali za wahusika zimebadilika kweli, na kupata mtoto kunaweza kuingia hapo. Yule mtoto ni wake, Sheria ya Mtoto ya 2009 haijali kazaliwa ndani ya ndoa au nje, naye anatakiwa ale, avae, atibiwe kama wa kwako. Kwa hiyo usisimame mbele ya hakimu na hoja ya kwamba mtoto wa nje hahesabiki, utapoteza muda, na mtoto mwenyewe hana kosa lolote.

Ila na yeye hawezi kuingia mahakamani na cheti cha kuzaliwa tu akatoka amepunguziwa. Kitu cha kwanza hakimu anachopima ni uwezo wa anayetoa na mahitaji ya anayepewa, halafu anaangalia pia nani alichangia zaidi ndoa kuvunjika, na mila za jamii yenu. Ataulizwa mshahara sh ngapi, biashara je, mkopo anaolipa ni wa nini (wengine wananunua gari halafu wanalia hawana hela ya maziwa), na mama wa huyo kichanga naye ana kipato gani, maana kutunza mtoto ni jukumu la wazazi wote wawili. Kama kipato chake kimepanda tangu amri itoke, anaweza kutoka hapo na kiwango kilekile, na wewe unaweza hata kuomba kiongezwe kama ada na kodi vimepanda.

Na yule mwanamke mwenyewe? Ndoa yenu ya kanisani ni ya mke mmoja na bado ipo, kwa hiyo hata waishi pamoja miaka mingapi hawezi kuhesabika mke wa ndoa. Ingekuwa ndoa ya Kiislamu halafu kaoa mke wa pili hesabu ingekuwa nyingine, kwa sababu huyo naye ana haki ya kutunzwa, japo amri yako isingefutika yenyewe.

Tafuta nakala ya hukumu uangalie kama hiyo laki tatu imegawanywa, ya kwako kiasi gani na ya watoto kiasi gani. Akiomba ipunguzwe, pigania kwanza ya watoto, ya kwako ndo rahisi zaidi kuguswa. Chukua na taarifa ya miamala ya simu ionyeshe alituma nini mwezi gani. Kama wakili humudu, kuna wasaidizi wa kisheria karibu kila wilaya, hao hawakutozi hela.

SWALI: Mi kwangu ni kinyume. Tumetengana na natoa matunzo kwa amri ya mahakama, sasa mke wangu ana mimba na si yangu. Niache kutuma? (Baba J, Mwanza)

JIBU: Usiache, ukiacha mdaiwa unakuwa wewe. Peleka maombi amri ibadilishwe, kama anaishi na mwanaume anayemhudumia basi mahitaji yake yamebadilika na hakimu atasikiliza, ila hela ya watoto wenu usiiguse. Halafu kaka angalia hili, mtoto akizaliwa ndoa ikiwa bado hai sheria inaanza kwa kukuhesabu wewe ndo baba, ukikaa kimya unaweza kudaiwa matunzo yake pia. Pinga mapema, uombe kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi mwenyewe dirishani, maombi yanapitia mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii.