Fadhili za Mungu hazipimwi kwa mnada wa korosho

Huku kwetu Masasi, minada ya korosho ikishafanyika na watu wakalipwa, kanisani shuhuda huwa nyingi. Mtu anasimama: "Bwana Yesu asifiwe! Mungu amenikumbuka." Ni shukrani njema, nami hushangilia pamoja naye. Ila yupo mwenzetu ambaye maua ya mikorosho yake yaliliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Yeye anarudi nyumbani akijiuliza: mimi amenisahau?

Swali hilo lilinikaa moyoni mwaka ambao shamba letu lilitupa korosho chache mno, na salfa, dawa ya ugonjwa huo, tulikuwa tumepulizia. Ndugu yangu, usisome moyo wa Mungu kwenye mkorosho. Mavuno yana sababu zake: hali ya hewa, magonjwa, dawa. Bei nayo ina wanunuzi wake. Kibali cha Mungu kimesimama msalabani. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Aliyenipenda nikiwa hivyo, atanichukiaje kwa sababu maghala hayakupokea magunia yangu?

Kilichotushika nyumbani ni Zaburi 136. Mmoja anasoma, wengine tunaitikia "kwa maana fadhili zake ni za milele", mara 26, aya kwa aya. Jioni za kwanza niliitikia kwa mdomo tu, moyo uko shambani. Hata hivyo endelea, maana zaburi ile haiishii kwenye jua, mwezi na ushindi wa Bahari ya Shamu. Inapita jangwani, na aya ya 23 inafika kwa "aliyetukumbuka katika unyonge wetu". Unyonge unatajwa waziwazi, na kiitikio hakibadiliki. Hata yale maneno ya Maombolezo 3, kwamba rehema zake hazikomi na ni mpya kila siku asubuhi, yamo katika kitabu cha kuililia Yerusalemu iliyobomolewa. Hayakutoka kwenye sherehe ya mavuno.

Jambo moja naliomba kwa uchungu: aliyekosa mavuno msimwambie atafute dhambi yake iliyofichika. Ayubu aliambiwa hivyo na rafiki zake, na Mungu akawakasirikia wao. Mwende kwake jioni, muitikie naye zaburi hiyo. Na mikorosho ikianza kuchanua tena, kama hana mashine ya kupulizia, mwazimeni yenu mapema.