Mipapai iliyopigwa na baridi ya Julai: usiing'oe kwanza

Mleta mada, umesema uko Njiro hapa Arusha, mipapai imepukutisha majani, nyanya zimeungua, na unataka kung'oa vyote mwezi huu huu. Weka jembe chini kwanza.

Mimi nilihamia Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha mjini, kutoka Moshi mjini na miche yangu sita ya mipapai, nimeipakata kwenye gari kama watoto. Sikuwaza kwamba Moshi mjini ni kama mita 800 tu kutoka usawa wa bahari, na huku inapita 1,400. Ukipanda mita 1,000, joto linashuka nyuzi kama sita. Kipupwe cha kwanza mipapai yote ikabaki vijiti. Nikaukata mmoja kwa hasira, utomvu mweupe ukachuruzika mpaka kwenye panga. Kumbe mzima! Na shina la mpapai lina uwazi ndani, kwa hiyo manyunyu yakaingia pale nilipokata, ukaoza hadi chini. Ule haukuuawa na baridi, niliuua mwenyewe.

Mitano iliyobaki nikaiacha. Miwili ilikuwa chini kabisa mwa kiwanja, kwenye ukuta wa tofali. Baridi ya usiku hutiririka kufuata mteremko kama maji, ikikuta ukuta inatuama. Hiyo ilikufa. Mitatu ya karibu na jiko ilichipua Septemba.

Kupima ni hivi: kwangua gome kidogo kwa ukucha, anzia ncha ya tawi ukishuka. Kukiwa kijani na unyevu, pazima. Kahawia kikavu, pamekufa. Hii inafaa mparachichi, mchungwa, hata waridi la mama watoto. Mpapai wenyewe ubonyeze kwa dole gumba: ukiwa mgumu, subiri, ukibonyea kama ndizi mbivu, basi tena. Usikate chochote mpaka joto lirudi na uone machipukizi yameanzia wapi, na wala usimwage urea sasa, utaita majani machanga yapigwe tena na baridi.

Nyanya ni kesi nyingine, na hapa wengi tunasingizia baridi. Jani likiwa la zambarau kwa chini, mche umedumaa lakini hauna madoa, hiyo ndiyo baridi: udongo ukipoa mizizi inashindwa kuvuta fosforasi hata kama ipo tele. Nilishamwaga DAP, mbolea ya fosforasi, bure kwa kutojua hilo. Maua kudondoka nako ni kawaida usiku ukiwa baridi sana. Lakini ukiona mabaka meusi kama jani limemwagiwa maji ya moto, shina nalo lina weusi, na mche wa pembeni yake umeanza juzi, hiyo ni bakajani chelewa. Huo ni ugonjwa, hausubiri Septemba. Ng'oa miche hiyo, ichome au ifukie mbali, usiitupe kwenye mboji.

Zikague kesho alfajiri umande haujakauka, geuza jani uangalie ukungu mweupe pembeni mwa baka. Jua likishapanda hutauona.