Wanafunzi wangu wanapika data

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha maabara ya umeme katika chuo cha ufundi. Wanafunzi wanapiga hesabu, wanajaza jedwali, ndipo wanashika mita. Ripoti zinafanana hadi desimali. Nifanyeje waanze kufikiri?
Mkufunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba. Kabla hujawaadhibu, soma upya mwongozo unaowapa. Kama jibu limeshachapwa humo na maksi ni za kulifikia, watalifikia tu, hata bila betri.

Jaribu hivi. Rezista mbili (vipande vya kuzuia mkondo), kila moja yenye ukinzani wa omu milioni 1, zifungwe mfululizo kwenye betri ya volti 12. Kabla ya kugusa waya, kila mmoja aandike kwa wino anatarajia volti ngapi kwenye rezista moja. Wataandika 6. Sasa wapime. Mita ya dijiti yenye ukinzani wa omu milioni 10 itasoma kama 5.7. Ya mshale, ile ya omu 20,000 kwa kila volti ya renji (kiwango cha juu ulichoichagulia), kwenye renji ya volti 10 inakuwa na omu 200,000, na itasoma kama 1.7. Wakiihamishia renji ya volti 50, itasoma 4!

Watakujia mbio: mita mbovu. Nakusihi, usieleze kitu. Waulize watathibitishaje ubovu huo. Watabadili betri, wataazima mita ya kundi la jirani, watabishana. Wakikwama kabisa, wape rezista za omu 1,000. Mita zote zitasema karibu 6, na hapo ubishi unakuwa mtamu: kumbe mita nayo imo ndani ya saketi, inavuta mkondo wake. Waichore kama rezista ya tatu, sambamba na ile wanayoipima, wapige hesabu upya. Ile 1.7 itatoka kwenye karatasi.

Kuhusu maksi, sitaki kuzunguka: aliyeleta 1.7 na sababu zake apate zaidi ya aliyeleta 6 tupu. Wenzako watasema usahihishaji huo unakula muda. Ni kweli unakula. Lakini hawa ndio watakaofungua maboksi ya umeme majumbani mwetu, na mita inayodanganya kwamba waya hauna umeme inaua. Fundi makini hujaribu mita yake kwanza kwenye umeme anaoujua, hupima waya, kisha huijaribu mita tena.

Kama chuoni hakuna mita ya mshale, funga rezista ya omu 200,000 kati ya ncha mbili za mita ya dijiti. Itasoma 1.7 vilevile.