Jibu: Je, dona haipandishi sukari?

Ndugu, umeuliza kama mama yako, aliyegundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili, aache sembe na kula dona kwa kiasi chochote, kwa kuwa jirani amemwambia kwamba dona haipandishi sukari. Dona ni bora, kwa sababu pumba na kiini cha mahindi havikuondolewa, na nyuzinyuzi zake huchelewesha kidogo kufyonzwa kwa wanga. Lakini wanga bado umo, na mlima wa dona utapandisha sukari pia.

Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni sahani: nusu iwe mchicha, matembele au bamia, robo iwe samaki, dagaa au maharage, na robo inayobaki ndiyo ya ugali, yaani kiasi cha ngumi yake mwenyewe. Hapa Dar es Salaam tumezoea kujaza ugali kwanza na kuiweka mboga kwenye kibakuli kidogo pembeni. Nyumbani kwetu tuligeuza utaratibu huo, mboga ikapakuliwa kwanza, na malalamiko yalidumu wiki moja tu.

Chungwa ale lenyewe, asikamuliwe juisi, na juisi ya miwa aipishe.

Hata hivyo, ikiwa anameza vidonge vinavyochochea kongosho kutoa insulini, asiruke mlo wala asipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita, akaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Hapo apewe maji ya sukari mara moja.